Tumboni, Kabla ya Joka

Mimi sikuwa shabiki. Naliweka hilo mwanzo kwa sababu kuna picha yangu iliyozunguka kwenye simu za watu, nimeshika bango lenye figo kubwa nyekundu, na hadi leo nikipita Ladypool Road kuna wanaoniuliza habari za figo. Bango halikuwa langu. Lilikuwa la jirani yangu, naye alinipa nimshikie mara moja tu akifunga kamba za viatu. Mpiga picha akapita wakati huo huo.

Bustani yenyewe iko nje kidogo ya Birmingham, mahali palipokuwa machimbo ya udongo wa matofali. Zamani mtu mmoja aliyeipenda elimu kupita kiasi alijenga humo bustani ya michezo ambamo mtoto hawezi kucheza bila kufundishwa kitu. Bembea ilikuwa na bango linaloeleza kwa nini huenda na kurudi. Ukinywa maji ya bomba, palikuwa na mchoro wa kukuonyesha yalikotoka. Na katikati, kikubwa kuliko vyote, alilala mtu wa saruji na plastiki, mrefu kama nyumba zetu za safu zikipangwa upande mmoja wa barabara. Uliingia kwa mdomo wake, ukateleza kwenye umio, ukaangukia tumboni, ukapita kwenye ini na figo, ukapanda ngazi hadi kwenye moyo unaodunda, halafu ukatokea sikioni. Kila mtoto aliuliza kwa nini sikioni. Waingereza nao wana haya zao. Mlangoni palikuwa na spika, na sauti ya mzee mpole ilikukaribisha kwa kukwambia kwamba kuanzia sasa wewe ni chakula.

Sisi kina mama wa Kiswahili wa upande wa Sparkbrook tuliiita Tumboni. Kila likizo ya kiangazi tulikodi basi. Tulikuwa Wazanzibari kama mimi, watu wa bara, Wasomali waliokulia Kenya, na dada wawili wa Kikongo waliotupita wote kwa kujipamba. Tulibeba biriani na sambusa na mikeka ya kusalia, na njia nzima tulijisifu kwamba watoto wetu hawaendi kupiga kelele tu kama watoto wa watu wengine, wanakwenda kujifunza. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika skuli moja, macho yangu yamezoea kuangalia nani anasoma na nani anajifanya. Katika miaka yote ile sikumwona mtoto hata mmoja akisoma bango. Mama wa kusoma bango nilimwona mmoja tu, naye ni huyu jirani yangu.

Ni Msomali aliyekulia Garissa, akaishi Uholanzi, kisha akaja hapa na mtoto wake wa kiume mkononi. Ana duka la mapazia Stratford Road. Ni mwanamke wa kubishana na mpima umeme, na polisi wa maegesho, na hata redio. Lakini Tumboni alikuwa mtu mwingine. Aliingia mle kama anaingia msikitini, akatembea polepole, na akifika kwenye chumba cha moyo alisimama na mwanawe mbele yake, mikono juu ya mabega ya mtoto, mpaka sisi wengine tumeshatoka sikioni na kutandika mikeka.

Miaka ikapita, watoto wakakua, wengine wakaleta watoto wao. Ndipo ikaja habari kwamba bustani imeuzwa, na wamiliki wapya wanaipa sura mpya. Mabango yangeondolewa, walisema, ili familia zipumue. Pangejengwa treni ya kupinda na kupinduka juu ya machimbo. Na yule mtu wa saruji angefanywa joka.

Nilidhani watu wangesikitika kidogo na kuendelea na maisha. Sikujua kuwa bustani ile ina mashabiki. Wana jukwaa lao kwenye intaneti, wana jaketi zenye beji za kushona, wanaijua kila skrubu. Wengi ni wanaume wa Kiingereza wa makamo ambao ukiwakuta dukani hutowadhania kitu. Na walikuwa tayari wamegawanyika kabla ya joka kutajwa. Kundi moja lilitaka bustani ibaki ilivyo. Kundi jingine lilisema haifai kubaki ilivyo, kwa sababu bustani ya kweli ilikufa siku waliyobadilisha rangi ya wengu. Wengine waliamini ilikufa mapema zaidi, ilipoondolewa sauti ya kwanza ya mlangoni na kuwekwa hii ya mzee mpole, ambayo kwao ilikuwa ya kibiashara mno. Nilisoma mabishano yale jioni moja nikiwa nakunja nguo, nikagundua kitu kidogo: kila mmoja bustani yake ya kweli ilikuwa ile ya mwaka alipokuwa na umri wa miaka minane hivi.

Jirani yangu alijiunga kwa jina la Figo ya Kushoto. Baada ya muda mfupi akawa mkali kuliko wote. Nikipita dukani kwake namkuta miwani imeshuka puani, mteja anasubiri na pazia mkononi, yeye anaandika.

"Abaayo, njoo usome," alikuwa akiniambia, yaani dada yangu kwa Kisomali. "Njoo uone vile huyu mtu ananibeba kama mjinga."

Huyo mtu alikuwa adui yake mkubwa. Aliweka picha ya sahani ya chipsi mahali pa sura yake, kwa hiyo sisi tulimwita Bwana Chipsi. Yeye alilitaka joka. Alilitaka kwa moyo wote, na aliandika vizuri, kwa utulivu, bila matusi, jambo ambalo lilimuudhi jirani yangu zaidi. Alisema bustani ile haikuwahi kumfundisha mtu lolote, iliwafundisha wazazi kujisikia vizuri tu. Alisema mtoto ana haki ya kuogopa joka bila kuulizwa maswali baadaye.

"Huyu hana mama," jirani yangu alisema. "Mtu mwenye mama haandiki hivi."

"Labda anaye," nilisema.

"Basi alimlea vibaya, walahi."

Kweli sikuwa na upande. Nilipomweleza mume wangu aliuliza swali moja tu, joka lina bango la kueleza moto unatoka wapi, kisha akarudi kwenye mpira wake. Lakini jirani ni jirani, na nilikuwa nikisoma alichoandika kila alipoomba nikimtolea makosa ya Kiingereza, maana yeye huchanganya na Kiholanzi akikasirika.

Siku moja nikamkuta haandiki. Hata redio ameizima. Akanisogezea simu. Bwana Chipsi alikuwa ameandika kisa. Mwaka mmoja, alisema, kundi la kina mama liliziba njia ndani ya tumbo kwa mikeka ili kusali alasiri, na mhudumu, kwa kutojua afanye nini, akatangaza kwenye spika kwamba mmeng'enyo umesimama kwa muda. Aliandika kwamba hilo ndilo jambo pekee analolikumbuka kwa furaha kutoka bustani ile.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Mikeka ile ilikuwa yetu. Mvua ilikuwa inanyesha nje siku hiyo, na basi letu ndilo lililokuwa pale peke yake.

"Ni mmoja wa watoto wetu," nilisema.

"Ni wangu," alisema jirani yangu. "Angalia vile anaandika neno la mmeng'enyo. Hukosea herufi ile ile tangu skuli ya msingi. Mimi ndiye nilikuwa namsahihishia."

Mwanawe alikuwa kijana mkubwa sasa, anamalizia chuo kikuu, analala chumba cha juu ya kile anachoandikia mama yake. Kwa wiki kadhaa walikuwa wakila chakula cha jioni pamoja, wakiambiana habari za siku, halafu kila mmoja anapanda kwake kwenda kupigana na mwenzake.

Nilimuuliza atamwambia nini. Akasema hatamwambia kitu. Na kweli hakumwambia. Aliendelea kubishana naye kule kule jukwaani, ila nikaona maandishi yake yamebadilika. Katikati ya hoja kuhusu thamani ya elimu kwa vitendo alitia sentensi kuhusu vijana wanaotaka dunia ibadilike na hali sufuria wameziacha kwenye sinki. Waingereza wa jukwaani waliipokea kama fumbo. Mmoja aliandika kwamba ameguswa sana.

Kisha chama cha mashabiki kikaitisha mkutano na wamiliki wapya, ndani ya bustani yenyewe, kwenye ukumbi wa umeme ambako zamani nywele za watoto zilikuwa zikisimama. Mwenyekiti, mzee mstaafu mwenye beji nyingi kuliko wote, alimwandikia Figo ya Kushoto kumwomba aje kuzungumza. Alipojua ni mwanamke wa Kisomali mwenye duka la mapazia alifurahi kupita kiasi, akaomba azungumze kwa niaba ya jamii.

"Jamii gani?" jirani yangu aliniuliza.

"Sisi, nadhani."

"Ninyi hamsomi hata mabango."

Tulikwenda naye watano, na hapo ndipo ilipopigwa ile picha. Ukumbini walikaa mashabiki kwa makundi yao, kundi la wengu mbali na kundi la sauti ya kwanza. Mbele alikaa meneja aliyetumwa na kampuni, msichana mpole mwenye maji ya kunywa mbele yake, aliyeonekana kuwa alishauriwa asibishane na mtu. Wakazungumza mmoja baada ya mwingine. Walizungumzia urithi na roho ya mahali. Meneja akauliza, kwa nia njema kabisa, kama kuna mtu angependa kutaja jambo alilojifunza hapa. Ukumbi mzima ukainama. Mwisho bwana mmoja akasema alijifunza kwamba ini ni kubwa kuliko alivyodhani. Wenzake wakampigia makofi.

Ndipo jirani yangu akasimama. Alikuwa ameandika hotuba nzima, mimi niliisoma, ilikuwa na maneno kama ushirikishwaji. Aliikunja akaiweka kwenye mkoba.

Alisema kwamba alipofika Birmingham hakujua mtu, na mwanawe alikuwa na tundu kwenye moyo tangu kuzaliwa. Daktari alimwambia mtoto afanyiwe upasuaji. Alikuwa daktari mzuri na mwenye subira, alimchorea moyo kwa kalamu, lakini mchoro ulikuwa kama viazi viwili vimeungana, na mkalimani waliyemletea alikuwa anatafsiri neno vali kama mlango na neno ukuta kama ukuta, kwa hiyo yeye alitoka pale anadhani wanazungumzia nyumba. Hakuweza kukubali mwanawe apasuliwe kwa kitu asichokielewa. Alikataa. Akakataa tena. Wiki hizo kina mama fulani wa jirani, wasiomjua, walimwambia kuna basi linakwenda mahali, nafasi ipo, njoo upumzike.

Hao tulikuwa sisi. Miaka yote ile sikuwahi kujua.

"Nikaingia kwenye chumba cha moyo," alisema. "Kuna vitufe pale. Ukibonyeza, taa za buluu zinaingia upande huu, nyekundu zinatoka upande ule. Kuna ukuta katikati. Nikaweka kidole kwenye ukuta. Nikabonyeza tena na tena, watoto wamepanga foleni nyuma yangu wananinung'unikia. Nikaona tundu lingekuwa hapa, na damu ingepita hapa na haitakiwi. Jumatatu nikarudi kwa daktari, nikamwambia sawa."

Aliketi. Bwana wa ini alikuwa anafuta macho. Meneja pia. Hata kundi la wengu lilikuwa limesogeleana na wenzao.

Nyuma ya ukumbi mtu akainuka. Alikuwa mwanawe. Hatukujua kama amekuja.

"Mimi ndiye yule mtoto," alisema kwa Kiingereza chake cha Birmingham. "Na kule jukwaani mimi ndiye mwenye picha ya chipsi."

Ukumbi ukaguna. Mama yake hakugeuka.

Alizungumza bila hasira. Alisema anashukuru, na kifua chake ni kizima, na hilo halina ubishi. Lakini kila kiangazi alisimamishwa mbele ya ule moyo kwa muda mrefu wakati wenzake wakiteleza. Mama yake aliwasimulia watu wasiowajua kisa chote, na mara nyingine alimfungua vifungo vya shati ili waone kovu. Na hajawahi, hata mara moja, kuteleza kwenye umio. Mama yake alihofia mtikisiko. Yeye aliingizwa kwa mlango wa pembeni, ule wa viti vya magurudumu, akaanzia tumboni.

"Kila mtu humu ndani aliwahi kuwa chakula," alisema. "Mimi nilikuwa mgonjwa. Nataka waweke joka ili niende mahali ambapo mimi ni mtu tu aliyekuja kucheza."

Sasa mama yake aligeuka. Alimwambia kwa Kiswahili, mbele ya wote, "Ulikuwa unajua ni mimi?"

"Tangu mwanzo, Mama," kijana akajibu, kwa Kiswahili pia, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. "Nani mwingine anaandika walahi kwenye jukwaa la Waingereza?"

"Na mimi nilijua ni wewe."

"Nilijua unajua. Niliziosha zile sufuria."

Mwenyekiti akauliza kwa adabu kama hayo yanahusu ajenda. Niliwatafsiria kwa ufupi. Nilisema mama na mwana wanajadili masuala ya matengenezo.

Kurudi nyumbani alituendesha kijana. Mama yake alikaa mbele, mikono juu ya mkoba. Tulikuwa tumeikaribia Stratford Road na foleni yake.

"Kwa hivyo ni kuteleza tu ulikuwa unataka," alisema.

"Nilikuwa mtoto, Mama."

"Si ungeniambia."

"Nilikwambia. Kila mwaka."

Akatazama nje dirishani, kwenye maduka ya vito na ya peremende. Mimi nyuma nilijifanya nasoma simu. Baadaye alinyoosha mkono, akamwekea sawa kola ya shati, ingawa haikuwa imekunjika, na kijana akamwachia amalize.

Kampuni ilifanya ilichokuwa imepanga kufanya, kama kampuni zinavyofanya baada ya kusikiliza maoni. Joka likajengwa juu ya yule mtu. Wakampa mkia na magamba na mabawa madogo yaliyolala mbavuni. Mabango yakaondoka. Lakini kwenye chumba cha moyo waliuacha moyo wenyewe, wakaupaka rangi ya kijani na kuutilia moshi, na tangazo lao likasema umehifadhiwa kwa kuheshimu jamii. Kila kundi la mashabiki lilijitangazia ushindi. Chama kilitoa beji mpya.

Jirani yangu alialikwa kwenye ufunguzi. Aliapa haendi, kisha akanunua viatu vya kwendea. Nilikwenda naye, na mwanawe alikuja. Koo la joka lilikuwa ni ule ule umio, mporomoko ule ule uliochubuliwa na suruali za watoto wengi, ila sasa una taa nyekundu. Kijana wa watu, na ndevu zake, akapanga foleni pamoja na watoto wasiofika kiunoni mwake. Sisi tulipitia mlango wa pembeni tukamngoja chini.

Akaja. Magoti yamepanda hadi kidevuni, anashuka polepole mno kwa sababu ni mpana kuliko njia, na mwishoni alibidi ajisukume kwa mikono. Akasimama, akajipangusa.

"Hiyo tu?" mama yake aliuliza.

"Hiyo tu," alisema. Alifikiri kidogo. "Niliifikiria ndefu zaidi."

"Nenda tena basi. Sisi tupo."

Akaenda tena. Mama yake akabaki amesimama pale chini, ameshika jaketi la mwanawe, anatazama juu kwenye lile tundu la koo, na kila mtoto aliyeshuka alimsogeza pembeni asikanyagwe.

Tulipofika kwenye moyo nilijua kuna jambo, kwa sababu alitoa miwani. Moyo wa kijani ulikuwa unadunda. Vitufe havikuwapo tena. Akauzunguka, akaingiza kidole katikati ya moshi, akahesabu.

"Vinne," alisema.

"Vinne nini?"

"Vyumba. Wameupaka rangi tu, huu ni moyo wa mtu. Joka ni mjusi. Mjusi ana vyumba vitatu."

Mwanawe akasema, "Mamba ana vinne."

"Wewe umeyajulia wapi hayo?"

"Nilisoma."

Jioni ile ile likaanza upya. Jukwaa zima likahamia kwenye mioyo ya mijusi. Kundi la wengu lilishikilia vitatu. Kundi la sauti ya kwanza likasema kiumbe kisichokuwapo hakina idadi. Bwana wa ini alimwandikia mtaalamu wa nyoka, kisha akatuletea majibu ambayo hakuna aliyeyapenda. Watu waliolia kwa sababu mabango ya elimu yanaondolewa sasa walikuwa wanasoma kuhusu mishipa ya wanyama watambaao kwa bidii ambayo bango halikuwahi kuwatia. Meneja alitoa taarifa fupi kwamba joka ni la kubuni. Haikusaidia.

Wiki iliyopita nilipita kwa jirani yangu kurudisha sufuria. Walikuwa wote jikoni, kila mtu na simu yake, chai imepoa mezani. Yeye alikuwa na kitabu cha maktaba kimefunguliwa kwenye picha ya kenge aliyepasuliwa.

"Ana mabawa," alikuwa anasema. "Mwenye mabawa ni ndege. Ndege ana vinne, sawa, nakubali. Lakini ndege hatoi moto."

"Mama, mjusi pia hatoi moto."

"Ngoja niandike hiyo."

Akaandika, akaibonyeza. Simu ya mwanawe ikalia mbele yake. Aliisoma yote, kwa makini, mpaka mwisho.

"Mamba ameandikwa vibaya," alimwambia.

"Wapi?"

Akasogeza kiti upande wake kumwonyesha. Niliiweka sufuria juu ya jiko, nikatoka bila kuaga, maana hawakuwa wameniona.